Mtoto Mwenye Ualbino na Shule Yake

Nimeombwa kusema machache juu ya jambo ambalo kwetu Shinyanga na katika nchi ya dhahabu ya Geita si hadithi ya kupitisha wakati. Nataka kueleza jinsi shule ya msingi iwezavyo kumpokea mtoto mwenye ualbino hata akawa mwanafunzi kama wenziwe, wala asiwe mgeni wa kuhurumiwa. Nitaeleza kwanza ualbino ni kitu gani, kisha hofu ilivyotuingia, kisha tutaingia darasani, maana huko ndiko kwenye kazi yangu, na huko ndiko nilikokosea mimi mwenyewe.

Mwili wa binadamu hutengeneza rangi iitwayo melanini. Rangi hiyo ndiyo iipayo ngozi weusi wake, na nywele, na mboni za macho. Mtu mwenye ualbino huzaliwa na mwili usioweza kuitengeneza rangi hiyo, au uitengenezao kidogo mno. Hali hiyo huirithi kwa wazazi wote wawili. Baba na mama waweza kuwa weusi kabisa, na kila mmoja wao akawa amebeba chembe ya urithi ya ualbino pasipo kujua, kwa kuwa chembe moja peke yake haionyeshi dalili yoyote. Wawili kama hao wakioana, katika kila uzazi iko nafasi moja katika nne ya kumpata mtoto mwenye ualbino. Ndiyo sababu nyumba moja yaweza kuwa na watoto watatu weusi na wa nne mwenye ualbino, au wenye ualbino wawili wakafuatana.

Nimekaa katika jambo hili la urithi kwa makusudi, maana hapa ndipo ndoa nyingi zilipovunjika. Mtoto huzaliwa, na baba husema si wake, mke amelala na Mzungu, au ukoo wa mke una laana. Mwanamke hurudishwa kwao na mtoto mgongoni. Mwanamume asemaye hivyo na ajue ya kuwa mtoto yule asingalizaliwa vile kama yeye mwenyewe hakutoa nusu ya chembe zile.

Hesabu inayotumiwa sana kwa Tanzania ni mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, nayo ni nyingi kuliko Ulaya, ambako husemwa ni mmoja katika watu 17,000 au zaidi. Sasa ziko shule za msingi katika miji yetu ya dhahabu zenye watoto zaidi ya 1,400. Basi mwalimu wa kwetu asidhani kwamba jambo hili litamhusu mwalimu mwingine; yafaa alitazamie kama atazamiavyo mvua.

Ualbino humgusa mtu mahali pawili tu, katika ngozi na katika macho. Akili yake ni kama ya mtu yeyote. Atakula, atazaa, atazeeka na kufa kama sisi. Nasema atakufa, kwa sababu iko imani ya zamani kwamba watu hawa hawafi bali hutoweka, na watoto wetu wa darasa la kwanza huja shuleni wakiwa wameisikia imani hiyo kwa bibi zao. Nimewaona wakikimbia kikombe cha maji alichonywea mwenzao.

Juu ya jina, neno la maneno ya zamani ni zeruzeru, na wako wazee walitumiao bila nia mbaya. Lakini wenyewe hawalipendi, nao wana haki. Chama chao, kilichoanzishwa mwaka 1978, leo hujiita Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania. Liko na jina jingine baya kuliko hilo, lililozuka mitaani katika miaka ya mauaji: waliitwa dili. Mtoto wa miaka tisa apita sokoni, na kijana aliyeketi juu ya pikipiki humnong'onezea mwenziwe, dili hilo. Na mtoto analijua neno hilo maana yake ni kwamba yuko mtu aliyekwisha kumtia bei.

Hapo ndipo tufikie ile hofu. Kuanzia mwaka 2006 na 2007, katika mikoa iliyolizunguka Ziwa Viktoria na ile ya jirani, yaani Mwanza, Shinyanga, Mara, Kagera, Tabora na Kigoma, watu wenye ualbino walianza kuuawa na kukatwa viungo, kwa sababu wako waganga walionadi kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Wakati huo Geita ilikuwa wilaya ya Mwanza. Ikawa mkoa mwaka 2012, na wilaya ya Bukombe ikatolewa Shinyanga kuingizwa humo. Mwezi wa Septemba 2009 mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumwua mvulana wa miaka 14 wa huko Bukombe, na ile ndiyo hukumu ya kwanza ya namna yake iliyosikika nchini. Mvulana wa miaka 14, Mabwana, ni mtoto wa shule.

Kwa nini ilitokea huku kwetu? Wataalamu waliochunguza jambo hili, mmoja wao Deborah Fahy Bryceson, walichapa mwaka 2010 maelezo yaliyolihusisha na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Aliyekaa Nyarugusu au Rwamgasa ataelewa upesi. Mchimbaji hushuka katika duara miezi mingi, akipasua mwamba kwa mkopo wa tajiri, wala haoni kitu; na jirani yake, hatua kumi tu kutoka hapo, hupata mshipa wa dhahabu kwa siku tatu. Akili ya mtu huchoka kuona bahati isiyo na sababu. Hutafuta sababu, na mganga yuko tayari kumwuzia. Sisemi kwamba wachimbaji ni wauaji. Wengi mno ni watu wa jasho lao, na watoto wao ndio ninaowafundisha. Nasema tu kwamba palipo na kubahatisha kwingi ndipo mwuza uhakika apatapo soko. Nami hujiuliza siku zote: mganga mwenye dawa ya dhahabu, kwa nini hashuki duarani mwenyewe?

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Bibi Al-Shaymaa Kwegyir kuwa Mbunge, mwanamke mwenye ualbino. Na mwaka 2010 watu wa Lindi walimchagua Bwana Salum Khalfani Barwany, mwenye ualbino wa kwanza kuingia Bungeni kwa kura. Mwezi wa Januari 2015 waganga wapiga ramli walipigwa marufuku. Hata hivyo mwezi wa Februari wa mwaka ule ule mtoto mchanga alinyang'anywa mikononi mwa mama yake huko Chato, Geita, akauawa. Mauaji yamepungua sana tangu siku zile, lakini asiwepo wa kusema yamekwisha, kwa maana mwezi wa Mei 2024 mtoto mdogo wa kike alinyakuliwa nyumbani kwao Muleba, Kagera, na mwili wake ukaonekana Juni.

Katika miaka ile ya kwanza ya hofu wazazi walikimbiza watoto wao mahali palipo na ukuta. Hapa Shinyanga mahali hapo ni Buhangija, shule ya msingi iliyokuwa na bweni la watoto wasioona. Wengine walipelekwa Mitindo, Misungwi, na wengine Kabanga, Kasulu. Wapo walioletwa na polisi usiku, wapo walioletwa na mama zao kwa baiskeli. Bweni lililojengwa kwa watoto wachache likajaa, na katika mwaka 2015 watoto wenye ualbino wa Buhangija walipita mia mbili, mbali ya wasioona na wasiosikia waliokuwamo tangu zamani. Walilala wawili na watatu kitanda kimoja. Nisiwalaumu hata kidogo walimu na matroni wa siku zile: ukuta ule uliokoa maisha ya watu, na watu wema walitoka karibu na mbali kuleta magodoro na unga.

Lakini ukuta una gharama yake, na gharama hiyo huonekana polepole. Mtoto aliyeingia bwenini na miaka minne, akakaa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, kwao hawamjui tena. Nilipata kushuhudia katika bweni moja mama aliyesafiri siku nzima kuja kumtazama mwanawe. Alimwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, kama amwamkiavyo mtoto yeyote. Mtoto akamtazama, akajibu kwa Kiswahili, shikamoo. Mama alirudia tena, naye mtoto akageuka kumtazama matroni, kama aulizaye afanye nini. Mama yule hakujua Kiswahili cha kutosha, na mtoto hakuwa na Kisukuma tena. Walikaa chini ya mti mpaka saa tisa, mama akimpaka mafuta mikononi, wala hawakusema sana.

Na tena jirani walioko nyumbani hawajifunzi kitu kwa mtoto asiyekuwapo. Kijiji kilichowatoa watoto wake wote wenye ualbino kinabaki na imani zake vile vile. Ndiyo maana serikali na vyama vinavyowatetea watu hawa wamekuwa wakishauri kwamba watoto warudi makwao pale hali inaporuhusu, wasome shule za karibu pamoja na ndugu zao. Shauri hilo ni jema. Lakini laweka mzigo juu ya shule ya kawaida, shule ya kijiji yenye mwalimu mmoja na watoto mia katika chumba, hasa tangu Januari 2016 serikali ilipofuta ada na michango ya lazima na madarasa yakafurika. Je, shule hiyo iko tayari? Hapa nieleze kosa langu.

Mwaka 2009 nilikuwa kijana, mwaka wangu wa pili tangu nitoke chuoni, nafundisha darasa la tatu katika shule ambayo sitaitaja, katika nchi ya dhahabu. Waliniletea msichana mwenye ualbino wa miaka kumi hivi. Kaka yake alimsindikiza kila asubuhi na fimbo mkononi. Mimi nilijaa huruma. Nikamtafutia mahali pa salama kuliko pote, yaani pembe ya nyuma kabisa, mbali na mlango na mbali na dirisha, ambapo mtu apitaye nje hawezi kumwona. Nilijiona nimetenda jambo la busara.

Miezi miwili hakuandika neno. Nikiandika ubaoni, wenziwe huinamisha vichwa na kalamu hukwaruza. Yeye hutazama tu, na macho yake hucheza kidogo, huku na huku. Nilimwona mzembe. Siku moja nikamsimamisha mbele ya darasa nimwulize kwa nini hakunakili hesabu, naye akanyamaza. Mvulana mmoja mtundu, tena aliyekuwa wa mwisho katika kila somo, akasema, Mwalimu, huyu haoni huko. Kumbe watoto wote walijua. Walikuwa wamejua tangu juma la kwanza, na aliyekuwa hajui ni mimi mwenye cheti.

Nikamleta mbele siku ile ile, kiti cha kwanza, mkabala wa dirisha ili apate mwanga mwingi. Hapo nikakosea mara ya pili. Jua la saa nne liliingia dirishani likampiga usoni, akafumba macho na kukinga paji kwa kiganja mpaka kipindi kikaisha. Nilikuwa nimempa nuru kama adhabu.

Sasa nawaeleza niliyoyajifunza baadaye kwa daktari wa macho, ambayo ingalifaa nifundishwe chuoni. Jicho linapojengeka tumboni mwa mama huhitaji melanini ili utando wa nyuma ya jicho na mishipa iendayo kwenye ubongo ikae sawasawa. Melanini ikikosekana, macho hubaki na uoni hafifu maisha yote. Miwani husaidia kiasi, lakini haiwezi kulifanya jicho hilo kuwa kama la mtu mwingine. Mboni hucheza zenyewe, pasipo mtoto kutaka, wala si dalili ya uongo au ya hofu. Na kwa kuwa rangi ya kuzuia mwanga haimo, mwanga mkali humwumiza. Basi mtoto huyu hutaka mambo mawili yaonekanayo kama yapingana: awe karibu sana na ubao, na tena mwanga utoke nyuma yake au ubavuni, usimkabili. Katika chumba kilicho na madirisha pande mbili yakupasa uketi mwenyewe kwenye kila kiti cha mbele, saa mbili asubuhi na tena saa sita mchana, ndipo utajua kiti chake ni kipi. Kazi hiyo ni ya nusu saa.

Mengine ni ya mkono na mdomo. Mwalimu aandikapo ubaoni na asome kwa sauti kila neno aliandikalo. Wote hufaidika, hata wale wa nyuma wasioona kwa sababu ya vichwa vya wenzao. Ubao upakwe rangi upya ukianza kupauka, maana chaki nyeupe juu ya ubao wa kijivu hata mimi hunishinda. Aruhusiwe kuinuka na kuusogelea ubao bila kuomba ruhusa kila mara. Jirani yake amwazime daftari. Kitabu akiweke karibu na uso kadiri apendavyo, wala asiambiwe kwamba ataharibu macho, hataharibu. Kioo cha kukuzia maandishi kikipatikana ni msaada mkubwa, na kisipopatikana mwalimu aweza kumwandikia mazoezi kwa herufi kubwa na kalamu nzito. Zamani, katika nchi kadhaa za Afrika, watoto hawa walipelekwa shule za wasioona wakafundishwa kusoma nukta kwa vidole, na huku wangaliweza kusoma maandishi ya kawaida yaliyokuzwa. Kisa kile hunikumbusha pembe yangu ya nyuma.

Tutoke sasa uwanjani, maana huko jua la Shinyanga halina mzaha. Ngozi isiyo na melanini huungua kwa muda mfupi, na kuungua kwa miaka mingi huleta saratani ya ngozi. Hiyo ndiyo imewaua watu wenye ualbino wengi katika Afrika, wengi wao wangali vijana, kimya kimya, pasipo gazeti kuandika. Kinga yake ni nguo yenye mikono mirefu, sketi au suruali ndefu, kofia yenye ukingo mpana unaofunika masikio na shingo, kivuli kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa au kumi, na mafuta ya kujikinga na jua. Mafuta hayo yako yanayotengenezwa hapa hapa nchini, Moshi, katika hospitali ya KCMC, kwa jina la Kilisun, na wataalamu huyapeleka mikoani kwa watoto wenyewe. Mzazi na aulize katika hospitali ya mkoa siku ya kliniki ya ngozi. Si mafuta ya kujipamba, wala ndugu zake wasigawane kopo hilo.

Lakini tazameni desturi zetu za shule. Sare ya mvulana ni kaptura na shati la mikono mifupi. Kofia hairuhusiwi mstarini. Paredi ya asubuhi yaweza kuchukua nusu saa wakati mkuu ana matangazo mengi. Mkosaji hupigishwa magoti uwanjani. Kufagia, kumwagilia bustani, kubeba maji, michezo, yote yako juani. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyowekwa ili kumdhuru mtu, na zote humdhuru mtoto mmoja. Nimesikia mwalimu mkuu akisema, nikimruhusu huyu kofia, na wengine watataka. Basi na watake! Jua la kwetu haliwapendi wengine kupita kiasi. Kazi ya zamu yake na iwe ndani: kupanga vitabu, kufuta ubao, kufagia darasa. Asisamehewe zamu kabisa, kwa maana mtoto asiye na zamu wenziwe humwona si mwenzao.

Na kivuli chenyewe kiko wapi? Wazee wa Shinyanga wanakumbuka jinsi nchi hii ilivyokuwa pori, kisha ikakatwa, kwanza kwa ajili ya kuwafukuza mbung'o na baadaye kwa mashamba ya pamba, hata ikawa tambarare tupu ya vumbi. Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na watu wakarudia desturi ya Wasukuma ya kutenga ngitili ili malisho na miti vichipue tena. Shule nyingi zilipanda miti siku hizo. Lakini miti hiyo mara nyingi ilipandwa kando ya mpaka, mistari minyofu ya kupendeza, na katikati ya uwanja, wanapocheza watoto, hamna kitu. Mwarobaini mmoja katikati, na mwingine mbele ya mlango wa darasa la kwanza, utafanya kazi kuliko hotuba hii.

Iko njia ya kwenda shuleni pia. Mtoto huyu asitembee peke yake, wala asisindikizwe na mtu mmoja tu. Katika shule ambako jambo hili limefanyika vizuri, watoto wa kitongoji kimoja hukutana mahali pamoja na kuja kwa msafara, wakubwa na wadogo. Mwalimu wa zamu huita daftari la mahudhurio mapema, na jina lake likikosa sauti, habari hupelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji saa ile ile, isingoje jioni. Katika nchi ya wachimbaji jambo hili ni gumu, sitawaficha. Dhahabu ikilipuka mahali, familia nzima huhama kwa usiku mmoja, na mtoto aliyekuwapo Jumatatu yuko kwenye mwalo mwingine Ijumaa, akichekecha mchanga. Tumezoea kuandika kwamba hayupo na kuendelea na somo. Kwa mtoto mwenye ualbino mazoea hayo ni ya hatari.

Uhamaji huo huo ndio unaofanya elimu ya darasa isiwe ya mara moja. Ukiwaeleza watoto mwezi wa Januari ualbino ni nini, mwezi wa Juni robo ya darasa ni wageni, na pamoja nao zimekuja hofu mpya na majina mapya ya kejeli. Sharti useme tena. Mimi hulisema katika somo la sayansi, pamoja na urithi wa rangi ya mahindi na ya mbuzi, ili mtoto mwenyewe asiinue kichwa akakuta macho sitini yamemgeukia. Nisingependa kabisa asimamishwe mbele kama kielelezo. Na wageni wajao na zawadi na kamera, hata wakiwa na moyo mwema, waombwe wasipige picha yake wala kuuliza kwao ni wapi.

Pengine mtasema nimeshikilia mtoto mmoja nikasahau wengine. Yule asiyesikia, yule mwenye mguu uliopooza, yule bibi yake aliyeitwa mchawi kwa kuwa macho yake ni mekundu, kumbe ni moshi wa jikoni wa miaka hamsini: wote wako katika madarasa yetu, na kila mmoja hutaka kutafutiwa kiti chake kwa namna yake. Nimemchukua huyu mmoja kwa sababu namjua, na kwa sababu kwake kosa dogo la mwalimu hugharimu zaidi.

Limebaki jambo la mtihani. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa karatasi zenye maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, na muda wa ziada. Lakini Baraza haliwezi kujua kwamba katika kijiji fulani cha Bukombe au Kishapu yuko mtoto wa namna hiyo, ila mwalimu mkuu amwandikishe hivyo wakati wa kuwasajili watahiniwa, miezi mingi kabla. Wako walimu waonao haya kuandika, wakidhani ni kumtia mtoto alama. Wako wasiojua kwamba sehemu hiyo ya fomu ipo. Ikiachwa wazi, asubuhi ya mtihani ataletewa karatasi ile ile ya wenziwe, yenye herufi ndogo, na msimamizi aliyetoka shule nyingine hana ruhusa ya kumsomea.